Hamsa au Hamsini

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa yule mzee, Edmonton, kaskazini mwa London, nilimkuta ameketi mezani karibu na dirisha, ameshika sarafu na anaipitisha kwenye mdomo wake wa chini, taratibu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Nilidhani anataka kuimeza. Nilitupa begi chini nikamkamata mkono.

"Mzee, hapana! Toa!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza kwamba vidole vyake vimekufa ganzi kwa sababu ya kisukari, na macho nayo yamebaki kidogo sana, kwa hiyo kiungo pekee ambacho bado kiliweza kumsomea kilikuwa mdomo. "Sasa na wewe ni nani," akauliza, "na mbona umeingia na viatu?"

Nikavua viatu.

Huo ulikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimekuja London kutoka Kondoa kusomea ufundi wa maabara. Mwaka wa pili baba alifariki, na baba ndiye aliyekuwa ananisomesha. Nikaacha chuo nikaingia kwenye kubeba maboksi, kama tunavyosema Watanzania wa ughaibuni kwa kazi yoyote ambayo mtu hakuiota utotoni. Nilianza ghalani kwelikweli, maboksi ya kwelikweli, mgongo ukanishinda, ndipo nikahamia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Nilipanga chumba Tottenham, juu ya duka la Mkongo aliyeuza samaki wakavu na unga wa muhogo, na nguo zangu zote zilinuka samaki. Yule mzee, kwa kuwa haoni, aliniambia siku hiyo hiyo kwamba atanitambua mlangoni hata nisipopiga hodi.

Karatasi ya wakala wangu, ofisi iliyonigawia wazee, ilisema hivi: mgane, kisukari, haoni vizuri, anaomba mhudumu mwanamume, Mwislamu ikiwezekana. Dakika arobaini na tano asubuhi, nusu saa saa kumi na moja jioni. Kumwogesha, kumvalisha, chai, mkate, vidonge. Sarafu hazikutajwa popote.

Alikuwa Mtamil, mzaliwa wa mji mdogo karibu na Madurai, kusini mwa India. Alifika Uingereza miaka ya sitini, akafanya kazi ya kuchambua barua kwa karibu miaka thelathini, barua za watu wengine zikipita mkononi mwake usiku na mchana mpaka alipostaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa na binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa pwani kusini, saa mbili kwa treni, ambaye alikuja kila baada ya Jumapili moja. Mimi nilimwita Mzee tu, na alilipenda neno hilo baada ya kumweleza maana yake. Yeye aliniita *tambi*. Kwetu tambi zinaliwa, nikamwambia. Kwao, akasema, ni mdogo wangu.

Alipojua ninatoka Tanzania alinyanyuka kwenye kiti. "Kilwa!"

"Mimi wa Kondoa, Mzee. Kilwa sijawahi kufika."

"Hujafika Kilwa?" Alisikitika kama vile nimemwambia sijawahi kuonja maji. Akanieleza kwamba karne ya kumi na nne msafiri mmoja wa Morocco alifika Kilwa, akamkuta sultani mkarimu, na miaka kumi na kitu baadaye mtu huyo huyo akafika Madurai, akakuta ugonjwa umeingia mjini na watu wanakufa mfululizo. Wakati huo Madurai ilikuwa na usultani wake. Gavana aliyetumwa kutoka Delhi aliona Delhi iko mbali, akaasi, akajitangaza sultani. Usultani huo haukumaliza hata miaka hamsini. Walikaa kwenye kiti wanaume wanane hivi, na wengi wao hawakufia kitandani. Kisha yakaja majeshi ya ufalme mwingine kutoka kaskazini, habari ikaishia hapo.

"Shuleni walitufundisha kwa mistari miwili," alisema. "Mistari miwili, tambi. Na mimi nilizaliwa pale pale."

Kilichobaki cha watu wale, zaidi ya kaburi na msikiti, ni sarafu: za shaba, ndogo, nene, nyingine hazizidi ukucha wa kidole gumba. Alizinunua kwa miaka mingi, moja moja, kwenye masoko ya Jumamosi na kwa barua, wakati ambapo wauzaji wengi hawakujua hata wanauza nini. Kila moja ilikaa kwenye bahasha yake ndogo ya kaki, na bahasha zilipangwa wima ndani ya maboksi ya viatu. Juu ya bahasha aliandika uzito, mahali alipoipata, sultani anayedhani ni wake, na maneno yanayosomeka. Ukizipitia kwa mpangilio uliona macho yake yakiondoka. Bahasha za zamani ziliandikwa kwa herufi ndogo kama za dawa. Za mwisho zilikuwa na maneno mawili matatu, makubwa, yanayopanda na kushuka.

Juma la pili nilipokuwa namfunga vifungo aliuliza, "Ulisoma Kurani utotoni?"

"Madrasa, miaka sita."

"Basi herufi unazijua."

"Herufi nazijua. Kiarabu sikijui."

"Inatosha. Wale wachonga sarafu nao labda hawakukijua."

Akanipa lenzi na sarafu moja yenye fedha kidogo ndani ya shaba. Nikasogea dirishani. Herufi zilibanana kama watu kwenye basi la asubuhi. Nilisoma kama tulivyosoma madrasani, herufi kwa herufi, kwa sauti: "Abu... al-fu-qa-ra... wal-ma-sa-kin." Kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimeelewa, bila kutafsiriwa na mtu.

"Baba wa mafukara na masikini," nikasema, kwa Kiswahili.

Akaniomba nirudie. Nikamweleza kwamba hayo ni maneno yetu ya kila siku, kwamba bibi yangu aliyatamka hivyo hivyo: fukara, masikini. Aliyarudia mwenyewe, kwa lafudhi yake. Kumbe sultani wa kwanza, yule mwasi, ndivyo alivyojiita kwenye pesa zake. Mzee alikuwa amesoma maneno yale vitabuni kwa miaka ishirini, lakini hakuwahi kuyasikia kwa mtu anayeyatumia kuulizia hali ya jirani.

Tangu hapo nilikuwa namwogesha haraka. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenihimiza. "Mgongo utasubiri, tambi." Chai nilikuwa naitia sukari ya bandia huku sarafu ikiwa mfukoni mwa shati langu. Dakika kumi, pengine kumi na tano, zilikuwa zetu.

Ilichukua miezi kabla hajanionyesha ile moja.

Nitaieleza kadiri alivyonieleza. Sarafu za usultani ule huandikwa mwaka wa Hijria. Zinajulikana za miaka ya mwanzo mpaka mwaka wa mia saba arobaini na tano. Halafu kimya. Kwa zaidi ya miaka kumi hakuna sarafu hata moja inayojulikana, kisha zinaanza tena na jina la sultani mwingine. Hakuna anayejua nani alitawala miaka ile, au kama kulikuwa na mtawala. Mzee alikuwa na sarafu moja, ya shaba, yenye pengo dogo ukingoni, imefunikwa na kutu nyeusi na ya kijani. Mwaka wake uliandikwa kwa maneno, na neno la kwanza lilianza kwa *khams*.

"Sasa nisikilize," alisema. "Kama ni *khams* peke yake, ni tano. Tano na arobaini na mia saba. Za mwaka huo ninazo saba. Lakini kama neno linaendelea, kama baada ya *sin* kuna jino moja na mkia—"

"Hamsini," nikasema.

"Hamsini na mia saba. Katikati ya kile kimya."

Hamsa au hamsini. Hata mtoto wa Kondoa angeelewa. Alikuwa nayo tangu macho yake yakiwa mazima na hakuwahi kukata shauri, kwa sababu kutu ilikaa pale pale mwisho wa neno, na maneno yaliyofuata yalikuwa yamekatika kwenye lile pengo. Mara nyingine aliona jino, mara nyingine hakuliona. Kisha macho yakaanza kuondoka, ndipo akaanza kutumia mdomo.

Niliishika chini ya taa ya mezani. Niliigeuza mwanga upite ubavuni. Niliona *kha*, niliona *mim*, niliona meno ya *sin*. Na baada yake, chini ya ile kutu, nikaona kitu kimeinuka kidogo na kujikunja kushoto. Nilikiona. Niliangalia tena sikukiona. Niliangalia mara ya tatu nikakiona. Saa yangu ilionyesha nimeshapitisha dakika tisa na kulikuwa na bibi mwingine ananisubiri mtaa wa pili, hajafungua kinywa tangu jana. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, sikio likiwa upande wangu.

"Hamsini, Mzee," nikasema. "Naona hamsini."

Alinyoosha mkono nikamrudishia sarafu yake, akaipitisha mdomoni. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nilimsikia akipiga pua kwa kitambaa.

Alitaka twende kwenye makumbusho makubwa katikati ya jiji, ambako kulikuwa na mtaalamu wa sarafu za India. Binti yake alipiga simu, wakapewa siku, Alhamisi ya mwezi uliofuata. Nikamwomba msimamizi wangu ruhusa ya kumpeleka, maana binti alikuwa shuleni siku za kazi.

"Hiyo haimo kwenye karatasi," akasema msimamizi.

"Najua. Ndiyo maana naomba."

"Akianguka kwenye treni?"

"Nitamshika."

"Haimo kwenye karatasi," akarudia, si kwa ubaya. Alikuwa na wazee wengi na karatasi nyingi. Nikamwambia Mzee nitachukua siku yangu ya mapumziko, tutakwenda kama watu wawili tu waliofahamiana, wakala haina habari. Alifurahi. Aliniagiza nimpelekee koti kwa dobi.

Siku kumi kabla ya Alhamisi hiyo nilifika asubuhi nikagonga, kimya. Nilitumia ufunguo. Alikuwa sakafuni jikoni, macho wazi, upande wa kulia wa uso umeshuka. Ilikuwa kiharusi. Nilipiga simu, nikamfunika blanketi, nikamshika mkono wa kushoto, nikawa namwambia kwa Kiswahili mambo nisiyoyakumbuka.

Alikaa hospitali wiki saba. Aliporudi, mkono na mguu wa kulia havikufanya kazi, na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda, ya Kitamil na ya Kiingereza. Lilibaki moja tu, ndiyo. Alilitoa wazi, kwa Kiingereza safi, lakini halikuwa jibu. Unataka chai? Ndiyo. Hutaki chai? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Daktari alimweleza binti kwamba huenda anaelewa mengi tunayomwambia, ila njia ya kurudisha jibu imekatika. Wakati mwingine alisema ndiyo huku machozi yanamtoka, ukashindwa kujua uondoe mto au uongeze.

Binti alichukua likizo ya wiki mbili akaja kukaa naye. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, anayezungumza huku anafuta meza. Mimi nilimwita Dada, na yeye akaona hilo ni jambo zuri. Kitamil alikielewa kidogo, Kiarabu hakuwahi kujifunza. Sarafu za baba yake alizijua kama maboksi ya viatu ambayo hakuruhusiwa kuyagusa alipokuwa mdogo.

Ijumaa moja nilikuwa naosha vyombo, naye amesimama sebuleni mbele ya rafu, mahali palipokaa taa ya mafuta ya shaba iliyokuwa ya mama yake, imefubaa kabisa.

"Kwenu mnasafishaje shaba?" aliniuliza kwa sauti.

Sikugeuka. "Bibi yangu alikuwa na birika la kahawa la shaba. Alikata ndimu, akaweka chumvi, akasugua. Kama ni chafu sana unailaza humo usiku kucha. Inatoka kama mpya."

"Ndimu na chumvi," akasema.

"Ndimu na chumvi, Dada."

Jumamosi na Jumapili hazikuwa zamu zangu. Jumatatu nilipoingia, taa ya mama yake ilikuwa pale pale rafuni, imefubaa kama ilivyokuwa. Mezani palitandikwa taulo jeupe, na juu ya taulo sarafu zote za Mzee zilikuwa zimepangwa mistari, za rangi ya waridi, zinang'aa. Bahasha za kaki zilikuwa kando, tupu, zimefungwa vizuri na mpira.

"Nilitaka kumshangaza," Dada alisema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, na ncha za vidole zimechubuka. "Zilikuwa nyeusi vile, angezionaje? Sasa zinashika mwanga. Nilitumia ndimu zote za dukani."

"Ulizitia wapi?"

"Kwenye lile sufuria kubwa la pilau. Zote."

Zote pamoja, ndani ya chombo kimoja. Nilisimama na begi begani. Nilikuwa nimeshajifunza kutoka kwa Mzee kwamba kutu ya shaba ya kale haiwi juu ya maandishi tu, mara nyingi ndiyo maandishi yenyewe, kwamba ukiiondoa unaondoa herufi. Alikuwa amenieleza hilo siku nilipotaka kufuta moja kwa shati, akanipiga kofi mkononi kama mtoto. Binti yake hakuna aliyemweleza.

Tulimtoa Mzee chumbani pamoja, tukamketisha kwenye kiti chake cha dirishani. Dada akachukua sarafu moja akamwekea katika kiganja cha kushoto. "Tazama, Baba. Tazama zinavyong'aa."

Aliigeuza kwa shida. Akaipandisha mdomoni, akaipitisha mara moja. Akasita. Akaipitisha tena. Akaiweka chini akapapasa taulo, akachukua nyingine, akaipitisha. Kisha nyingine. Zilikuwa labda kumi au zaidi. Hakuwa na haraka. Mimi na Dada tulisimama kila mmoja upande wake, tunamtazama. Mwishowe aliacha mkono ukae pale juu ya taulo, akageuza uso dirishani.

"Ndiyo," alisema.

Dada alinitazama. "Amefurahi, si ndiyo?"

Ningeweza kusema. Nimekaa na dakika hiyo kwa miaka mingi na bado sijui ningesema nini ambacho kingerudisha herufi moja. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Ndiyo, Dada," nikasema. "Amefurahi."

Jioni yake, Dada alipotoka kwenda dukani, niliitafuta ile yenye pengo ukingoni. Haikuwa vigumu kuipata. Niliipeleka chini ya taa. Upande mmoja kulibaki kipande cha herufi moja, labda *alif*. Mahali pa mwaka palikuwa na vishimo vidogo vidogo tu, vya waridi. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia ni mimi niliyemfundisha binti habari ya ndimu, na kwamba sikujua anauliza kuhusu nini. Nikamuuliza kama ananielewa.

"Ndiyo."

Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Ndiyo."

Kisha nikamuuliza, Mungu anisamehe, kama amenikasirikia.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ile ile.

Mwaka uliofuata Dada aliamua kumhamishia kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake, kule pwani. Hakuwa na njia nyingine. Wakala wangu ilikuwa imepunguza dakika, na mimi mmoja sikuweza kumnyanyua. Kabla ya kuondoka Edmonton alitaka sarafu zipate mahali pa heshima, zibaki pamoja, jina la baba yake liandikwe. Akapanga upya ile miadi ya makumbusho. Aliniomba niende naye. "Wewe ndiye unayejua herufi," alisema.

Mtaalamu alikuwa mwanamume mpole mwenye penseli mfuko wa juu. Alifungua boksi la kwanza, akachukua sarafu moja, akaiangalia, akairudisha. Akachukua nyingine. Alifanya hivyo kwa dakika kumi, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Nani alizisafisha?" aliuliza.

"Mimi," Dada alisema, kwa fahari kidogo.

Akamweleza. Alimweleza taratibu sana, bila lawama, kama daktari anavyotoa habari. Alisema ataweza kupokea nne au tano ambazo bado zinasomeka. Bahasha alizishika kwa muda mrefu kuliko sarafu, akizisoma moja baada ya nyingine, na akauliza kama kuna njia ya kujua ipi ni ya sarafu ipi. Hakukuwa na njia.

Nikatoa ile yenye pengo. Nikamwambia habari ya hamsini. Alinyanyua kichwa haraka, kwa mara ya kwanza.

"Kuna picha yake kabla?"

"Hapana."

"Kuna mtu mwingine aliyeisoma?"

"Mzee mwenyewe. Kwa mdomo."

Hakucheka. Aliipima, akaiweka chini ya darubini, akakaa nayo. "Wewe uliona neno linaendelea?"

"Niliona."

"Una uhakika?"

Nilikumbuka kutazama mara tatu, kuona, kutoona, kuona. Nilikumbuka saa yangu. "Siwezi kuapa," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akaandika mstari mmoja kwa penseli kwenye karatasi yake. Akanirudishia sarafu.

Tulitoka nje. Dada hakufika hata nusu ya ngazi kubwa za makumbusho, akaketi, watalii wenye kamera wakipita pande zote mbili. Mimi nilibaki nimesimama na maboksi mikononi.

"Ulijua," alisema. "Ile Jumatatu ulijua."

"Nilijua."

"Na ndimu ulinieleza wewe."

"Nilidhani unauliza taa ya mama yako."

"Taa ya mama." Aliweka mikono usoni. "Na uliniambia amefurahi."

"Nilikuambia."

Nilingoja anitukane, ingenifaa. Badala yake aliniuliza, bila kunitazama, "Yeye alijua?" Nikamwambia sidhani kuna sarafu aliyoipitisha mdomoni siku ile bila kujua. Alilia pale pale ngazini, na mimi sikuwa na mkono mtupu wa kumshika bega, wala sikujua kama ninaruhusiwa.

Nilikwenda kumwona Mzee mara mbili huko pwani. Chumba chake kilikuwa safi, na mhudumu wake alikuwa kijana Mpolandi aliyemnyoa vizuri kuliko nilivyomnyoa mimi. Mara ya kwanza alinigeukia kabla sijasema kitu. Mara ya pili alikuwa amelala, nikakaa saa moja nikarudi kituoni.

Alifariki mwanzoni mwa mwaka 2003. Dada alipiga simu kwa wakala kunitafuta, lakini mimi nilikuwa nimeshaacha kazi pale, na hakuna aliyeona ni wajibu wake kunipa ujumbe. Nilikuja kujua wiki tatu baadaye, kwa barua ambayo Dada aliniandikia Tottenham, na Mzee alikuwa ameshazikwa. Nilipanda treni Jumapili. Dada alinipokea kituoni na gari lake dogo, akanipeleka makaburini, sehemu ya Waislamu, nyuma kabisa karibu na ua wa waya. Jiwe lilikuwa halijawekwa, kulikuwa na kibao tu chenye namba.

"Sijui kusoma dua," alisema. "Imamu alisoma siku ile, sikuweza kufuatisha. Msomee wewe, tafadhali."

Nilisoma nilizokuwa nazikumbuka. Upepo wa bahari ulikuwa mkali na kofia ilitaka kuniruka, ikabidi niishike kwa mkono mmoja huku mwingine nimeunyoosha. Katikati nilisahau aya moja nikairuka, sikumwambia. Yeye alisema amina mahali pasipostahili, na mahali panapostahili alinyamaza.

Kisha mvua ikaanza, tukakimbilia garini. Alinunua chipsi kwenye kibanda barabarani, tukazila ndani ya gari, vioo vimejaa mvuke, redio ikizungumzia vita ya Iraki iliyokuwa inakaribia. Aliuliza kama bado naishi Tottenham, nikasema ndiyo. Aliuliza kama nitarudi kwetu, nikasema sijui. Treni yangu ilikuwa ya saa tisa na robo. Alinisindikiza mpaka jukwaani ingawa nilimwambia anarowa bure, tukasimama pale chini ya bati mpaka treni ikaingia.